Nimesoma mawasiliano ya umma Tabora, studio nikaiona kwa kioo

Wanaoniuliza kama wakasome uandishi wa habari na mawasiliano ya umma chuo kikuu, jibu langu leo, tena nikiwa na hasira, ni hili: msiende. Angalau msiende pale nilipotoka mimi, Tabora. Jina la chuo nalihifadhi, maana ugomvi wangu ni na mlango mmoja tu.

Mlango wenyewe ni wa studio ya redio. Tulipopokelewa mwaka wa kwanza tulipitishwa hapo tukachungulia: mikisa (ile mashine ya kuchanganya na kupandisha sauti), maiki mbili, kompyuta, kuta zimevishwa sponji. Jioni ile ile nilimpigia mama simu Ujiji nikamwambia chuo chetu kina studio. Mama akawatangazia majirani.

Mwaka wa pili likaja somo la vipindi vya redio. Wanafunzi tumejaa mpaka madirishani, studio tukaingizwa siku moja, kwa mafungu, dakika chache kila fungu, marufuku kugusa. Kisha koswaki, kazi ya darasani yenye alama: kila kikundi kitengeneze kipindi cha dakika 10. Sisi tulichagua asali. Tukaenda sokoni, tukamkuta mama mmoja muuzaji akatusimulia miaka yake na mizinga ya mumewe porini, kwa lafudhi ya Kinyamwezi ambayo ungeisikiliza kutwa. Tulirudi tunakimbia. Kipindi tunacho!

Mtunza funguo, mtu wa umri wa baba yangu, alikuwa amekaa nje ya studio anakunywa chai. "Shikamoo baba." Kimya. Tukarudia wote watatu. Kimya, anazungusha funguo kidoleni. Halafu akasema bila kututazama: "Simu si mnazo? Karekodini huko hosteli." Tukampa karatasi yenye saini ya lekchara. Akasema karatasi haifungui mlango, akaendelea na chai yake.

Kuninyima studio ningeweza kusema ni utaratibu wa chuo. Kuninyima marahaba? Kwetu hata uliyegombana naye jana anaitikia salamu. Tulirudi mara mbili zaidi, na mara zote mbili ilikuwa vile vile.

Tukarekodi hosteli, magodoro yamesimamishwa ukutani, mablanketi kichwani, mvua inapiga bati. Alama zikakatwa kwa maelezo kwamba sauti ina kelele. Nililia siku ile, na si kwa sababu ya alama.

Hasara yenyewe niliiona nilipokwenda fild, mafunzo kwa vitendo, Kigoma. Siku ya kwanza redioni mtayarishaji akaniambia nishushe muziki mtangazaji aingie. Nikaitazama mikisa, sijui nishike wapi. Kijana aliyeishia kidato cha nne akanyoosha mkono akashusha. "Mdogo wangu, kwani chuoni mnafanya nini?" mtayarishaji aliniuliza. Hakuuliza kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma. Na tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, mwandishi anatakiwa awe na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hiyo, na ithibati inataka vyeti. Yaani anayejua kazi anakwama kwa kukosa cheti, na mimi mwenye cheti nilikuwa naogopa kugusa mashine.

Ila nisiseme uongo. Fild hiyo ilikuwa 2024, Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi miezi mitatu. Taarifa tulizosoma karibu zote zilikuwa za viongozi: samaki wapate kuzaliana. Nikakumbuka nadharia ya McCombs na Shaw ya mwaka 1972, kwamba vyombo vya habari ndivyo vinavyowafanya watu waone jambo fulani ni kubwa na jingine ni dogo. Nilikuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani tu. Nikashuka mwaloni Kibirizi, nikakaa na akina mama wachuuzi wa dagaa, nikawauliza wanakula nini na mtaji umebaki kiasi gani. Kipindi kiliporushwa simu ziliingia mpaka muda ukaisha. Bila lile darasa nisingefika Kibirizi, nakiri.

Na lekchara yule yule wa karatasi ndiye aliyetupeleka Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe la Livingstone. Akatuambia Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871 kabla ya kwenda Ujiji, alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kazini kumtafuta Livingstone, akampata Ujiji. Shule ya msingi mimi nilifundishwa mpelelezi, basi! Nilisimama pale mwili unanisisimka. Habari iliyosomwa Marekani na Uingereza ilitoka mtaani kwetu, na hakuna mtu wa Ujiji aliyeiandika. Siku ile ndiyo niliyojua kwa nini nasoma.

Kwa hiyo nikisema msiende, sijui kama namaanisha. Mdogo wangu anajaza maombi sasa hivi na amechagua kozi ile ile. Juzi nilimkataza, jana nikamwambia aende. Leo nimemwambia hivi: kabla hajalipa ada afike mwenyewe, aombe kuingia studio, amwamkie mwenye funguo. Asipoitikiwa, apande treni arudi Kigoma.