Begi la gramu 640: mwaka mmoja kati ya Amani na Pangani

Novemba ya mwaka juzi nilishuka kutoka Amani, kule milima ya Usambara, nikiwa na daftari lililogeuka uji wa buluu. Majina ya wakulima 14, kilo za iliki za kila mmoja na kiasi ninachodaiwa, vyote vilikuwa vimeyeyuka, kwa kuwa mvua iliingia ndani ya begi na nilikuwa naandika kwa kalamu ya jeli. Ilinibidi nipande tena siku ya pili na kupita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu deni langu mwenyewe. Bibi mmoja wa Shebomeza hakunisubiri nimalize kueleza. "Zangu kilo nne na robo, mwanangu. Andika." Wote walinitajia na wote niliwalipa walichotaja. Lakini njia nzima ya kurudi Muheza nilikuwa najisemea kwamba sitawarudishia tena watu wale mzigo wa kukumbuka, eti kwa sababu mimi nimeshindwa kulinda daftari.

Kazi yangu ni kununua viungo. Msimu ukiwa mzuri natoka Tanga mjini kila baada ya wiki mbili, napanda gari hadi Muheza, kisha gari jingine au bodaboda hadi Amani, na huko ni kwa miguu. Mzigo wenyewe unashuka kwa gari. Mgongoni nabeba sampuli za iliki, pilipili manga na mdalasini, mizani ya kuning'iniza, daftari, simu, kanga na chupa ya maji. Mvua ya mwaka kule juu inakaribia milimita 2,000, na haichagui sana miezi. Iliki kavu ikila unyevu inafanya ukungu na rangi yake ya kijani inakufa. Kwangu mimi begi ni chombo cha kazi, sawa na mizani.

Begi lililoniangusha lilikuwa jipya, zito, na lebo yake ilisema halipitishi maji. Nililipeleka kwa fundi viatu wa Ngamiani anayenishonea siku zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lete tuone."

Akaligeuza ndani nje, akaliinua kulielekeza juani, akaniambia nichungulie. Kitambaa kilikuwa giza tupu. Lakini kila penye mshono palikuwa na mstari wa vitundu vya mwanga, kimoja baada ya kingine, chini, ubavuni na kuzunguka zipu. "Turubai lako zima," alisema. "Ila limeshonwa kwa sindano, na kila sindano ilipopita maji yanapita. Na hii zipu ni mlango."

Maneno hayo ndiyo yaliyoongoza ununuzi wangu wote uliofuata. Wauzaji wengi wanakusifia kitambaa, na kweli kitambaa si tatizo. Mabegi mengi ya siku hizi yana utando wa plastiki upande wa ndani, unaoitwa PU, na maandishi kama milimita 3,000 yana maana kwamba kitambaa kinahimili maji yenye kimo cha mita 3 kabla hayajaanza kupenya. Kwa mvua ya kawaida inatosha. Ile herufi D baada ya namba, 210D au 600D, ni unene wa uzi: mita 9,000 za uzi wa 210D zina uzito wa gramu 210. Namba ikipanda, kitambaa kinakuwa kigumu zaidi na kizito zaidi, lakini haikuambii lolote kuhusu maji. Nimekutana na begi la 600D lililovuja kama kikapu.

Kwa hiyo nilizunguka kwa wauza mabegi, madukani na kwenye mitumba, karibu wiki tatu, nikiangalia mambo ambayo wauzaji walishangaa nayaangalia. Nageuza ndani nje: mishono ina utepe uliobandikwa juu yake au haina? Mdomo unafungwaje? Nanusa. Ndiyo, nanusa, na hili naomba mtu wa pwani alishike kuliko yote. Utando wa PU unaozwa na joto na unyevu, navyo Tanga tunavyo mchana na usiku. Ukianza kuharibika unatoa harufu chachu, unanata kidoleni, halafu unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Begi la mtumba linaweza kuonekana jipya kwa nje kumbe limekaa miaka kabatini na ndani limeshakufa. Sugua kwa kidole gumba, ukiona unga mweupe au ukihisi gundi, rudisha.

Nililolichukua lilikuwa la mtumba, lebo imefutika nusu. Jina la kampuni halisomeki na sikulisumbukia, maana nembo zinazotundikwa sokoni nyingi ni za kuiga. Lilikuwa la kijivu, lita 28, nailoni ya 210D yenye vile vijimraba vya uzi mnene vinavyozuia mpasuko usiendelee. Mdomo wake hauna zipu, unaukunja kama mfuko wa unga kisha unaubana kwa klipu mbili. Mishono ya ndani ina utepe. Bei ilianzia 90,000, tukaishia 65,000. Muuzaji alinipimia kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 640. La zamani lilikuwa kilo 1 na gramu 400 likiwa tupu, yaani nilikuwa napandisha mlima robo tatu ya kilo zaidi bila kubeba kitu chochote cha maana.

Kabla sijalipeleka popote nililijaza magazeti makavu, nikalifunga, nikaliweka chini ya bomba uani kwa dakika 10, upande huu na upande ule. Nilipofungua, magazeti ya juu na ya katikati yalikuwa makavu kabisa. Ya chini yalikuwa na madoa mawili, kushoto na kulia, ukubwa wa sarafu. Pale ndipo mikanda ya mabegani inaposhonewa chini ya begi, na kiwandani hawakupabandika utepe. Fundi wangu alipaka gundi ya viatu mara mbili, akaacha ishike, akabandika kwa ndani viraka viwili vya tyubu ya baiskeli. Tanga hii tyubu ya baiskeli haijawahi kukosekana. Alinitoza 3,000. Nikarudia bomba, gazeti likatoka kavu. Ushauri wangu kwa yeyote atakayenunua, la bei yoyote ile: jaribu nyumbani kwa magazeti kabla hujajaribu njiani kwa nyaraka zako.

Sasa nimekaa nalo mwaka na zaidi.

Kule Amani begi limenistahi. Machi iliyopita mvua ilitukuta kwenye bodaboda tukipanda kutoka Kisiwani, na dereva hakuwa na pa kusimama. Tulikwenda zaidi ya nusu saa, maji yananitiririka hadi ndani ya viatu. Nilipofika nilifungua begi kibarazani kwa watu, moyo ukinidunda kwa kumbukumbu za lile daftari. Iliki ilikuwa kavu, inalia kwenye mfuko ukiitikisa. Daftari kavu. Nililishika kwa mikono miwili nikamshukuru Mungu pale pale.

Kuna siri moja ya kukunja mdomo: mikunjo mitatu, si pungufu, na usilijaze hadi shingoni. Likijaa sana unapata mkunjo mmoja na nusu, na maji yanajua njia. Kwa hiyo lita 28 za kutajwa, kikazi ni kama lita 22. Anayetaka kubeba nguo za wiki nzima achukue la lita 35 au 40.

Pia ndani natia mfuko wa pili. Wageni hupenda kushauri watu watumie mifuko ya plastiki, lakini huku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na mimi naona ilikuwa heri kwa fukwe zetu. Ninachotumia ni ule mfuko mzito wa ndani wa kiroba cha sukari. Wenye maduka ya jumla wananipa nikiomba vizuri. Naukata, naukunja mdomo, sampuli zinakaa humo. Hata begi likipasuka kwenye mwiba, iliki ina ngome ya pili.

Pangani nilikwenda kwa mapumziko, siyo kazi, na binamu yangu. Tulitoka na boti kutoka Ushongo kwenda Maziwe, kile kisiwa ambacho sasa ni fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja. Mawimbi yalikuwa yanaruka ndani ya boti tangu tunaondoka. Begi nililiweka miguuni, likaloa nje nzima, ndani simu na kanga salama. Wakati wa kushuka maji yalikuwa kiunoni, likaniteleza mkononi likaanguka baharini. Lilielea, kwa sababu ya hewa iliyofungiwa ndani, nikalidaka. Ndani niliona unyevu kidogo kwenye mkunjo wa juu, basi. Hata hivyo nisieleweke vibaya. Hili ni begi la kuhimili mvua na rasharasha za bahari. Halikutengenezwa kuzamishwa, na mtu asiliamini kama boya. Anayefanya kazi ya boti kila siku anunue ule mfuko mzito wa mabaharia uliounganishwa kwa joto bila sindano, ingawa mgongoni hauna raha.

Kinachoniudhi ni mgongo wake. Halina fremu wala mkanda wa kiunoni wa maana, kuna utepe mwembamba tu. Hadi kilo 6 sihisi kitu. Ikipita kilo 8, mabega yanaanza kulalamika baada ya saa moja, na siku niliyopewa zawadi ya ndizi na mafenesi nikashuka na kilo kama 11 nililala nimekandwa kwa mafuta ya nazi. Upande wa mgongoni una sponji nene iliyofunikwa neti, na sponji hiyo inakunywa jasho. Joto la Tanga mnalijua. Mvua haikuingia, lakini siku za jua kali jasho langu lilifika kwenye mfuko bapa wa ndani ulio karibu na mgongo na kukunja karatasi. Tangu hapo karatasi naziweka mbele, kanga ndiyo inakaa mgongoni. Laiti wangeliacha pengo la hewa pale.

Mfuko mdogo wa nje una zipu ya kawaida na unaingiza maji. Nauli na kitambulisho naviweka kwenye kifuko kingine kwanza. Na kukunjua mdomo ndani ya daladala iliyojaa ili utoe kitu ni kazi, kondakta keshakasirika.

Kiraka kimoja cha tyubu kilibanduka ncha mwezi wa tano, kikabandikwa upya bure. Klipu moja ilivunjika ilipokanyagwa, fundi akatoa nyingine kwenye begi bovu kwa 2,000. Hapo ndipo napenda begi lisilo na vitu vingi: kila kinachoharibika mtu wa Ngamiani anaweza kukitengeneza akiwa amekaa kwenye kigoda chake. La zamani zipu ilipokufa lilikufa lote.

Kulitunza ni rahisi ila usiruke hatua. Likitoka baharini nalisuuza kwa maji baridi siku ile ile, hasa klipu, maana mchanga na chumvi vikikaa vinasaga. Sabuni ya kipande kidogo, kwa mkono. Sabuni kali ya unga na brashi vinaondoa ile dawa ya nje inayofanya matone yajiviringe na kudondoka. Yangu imeanza kuchoka mabegani, kitambaa cha juu kinalowa na kuwa kizito kidogo ingawa ndani bado pakavu. Nalianika kivulini, kwani jua linakula nailoni. Wala silirudishi kabatini likiwa na unyevu, kwa sababu ya ule utando wa ndani niliousema. Linaning'inia mdomo wazi kwenye msumari ukumbini.

Ukiniuliza kama nitanunua tena la aina hii: ndiyo, la mdomo wa kukunja, lenye utepe kwenye mishono, lisilozidi gramu 700. Ningeongeza pesa nipate mkanda wa kiunoni. Kwa mwanafunzi wa mjini anayetembea na kompyuta na anafungua begi mara ishirini kwa siku, mdomo huu utamchosha, achukue la zipu lenye kifuniko cha mvua. Kwa anayepanda Amani, anayevuka Pangani, au yeyote mwenye kitu mgongoni ambacho si chake peke yake, hili.

Daftari langu jipya limejaa hadi ukurasa wa 80 sasa, na naandika kwa kalamu ya risasi. Wiki jana bibi wa Shebomeza alilichukua akalipapasa kurasa kwa kidole, akanirudishia bila kusema kitu, akaenda kuniletea chai.