Wakala wa masomo ya nje: kwenye visa hodari, kwenye kiti mwendo sivyo

Nimekuwa na wakala huyu miezi saba, tangu kuomba chuo hadi siku ya kupanda ndege kwenda Uingereza. Natumia kiti mwendo cha umeme, na haya namwandikia mwenzangu wa kiti anayefikiria kuwalipa.

Upande wa karatasi wanajua kazi. Barua yangu ya maombi waliipitia mara tatu, visa ikatoka bila fomu hata moja kurudishwa, na simu wanapokea. Hapo sina neno.

Kwenye bweni ndipo waliponiangusha. Niliuliza, nikaambiwa "chumba kinafikika". Nikaomba vipimo, nikajibiwa vilevile. Mwishowe niliandika mwenyewe kwa ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu, na kesho yake nikaletewa picha: futi kamba imenyooshwa kwenye mlango wa bafu, inasoma sentimita 66. Kiti changu kina 68. Sentimita mbili! Ningefika usiku na mizigo yangu, halafu msalani nisiingie. Nililia, sikufichi. Wiki hiyohiyo chuo kikanihamishia chumba kingine, kodi ileile.

Tena waliniambia nikishafika nitaomba ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu. Kwa kawaida ruzuku hiyo haimhusu mwanafunzi wa kigeni. Mwenye wajibu ni chuo chenyewe, kwa Sheria ya Usawa ya 2010, na ndicho kinachomlipa mtu anayeniandikia maelezo darasani, maana vidole vyangu vinachoka upesi. Ningewasikiliza wakala, ningeanza muhula bila mwandishi.

Ndege pia niliishughulikia mwenyewe. Shirika lilitaka taarifa saa 48 kabla: aina ya betri, uzito wa kiti, urefu na upana. Kiti chenyewe kilibebwa bila malipo. Chaja nayo igeuze usome mgongoni. Yangu inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo nilichohitaji ni adapta ya plagi tu.

Kwa visa, walipe, wanastahili. Chumba usiwaachie. Andikia ofisi ya chuo kabla hujatoa amana, na uombe picha yenye futi kamba, ya mlango wa chumba na wa bafu, yote miwili.