Kulipa papo hapo au kuulizia kwanza: sarafu iliyoletwa na mtu usiyemjua

Kijana anaingia duka la sarafu za kale na rupia 15 ya dhahabu, sarafu ya enzi za Wajerumani, ile yenye picha ya tembo iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Anataka pesa sasa hivi.

Mwenye duka anaweza kupima, kulipa na kunyamaza. Wanaotetea njia hii husema sarafu haina jina la mwenyewe wala namba. Ni kweli, na ndicho anachokitegemea mwizi. Lakini bei nayo inasema. Mtu anayekubali thamani ya uzito tu, kwa kitu ambacho wakusanyaji hukilipia zaidi, ama hajui alichonacho au si chake. Kwangu mimi, yote mawili ni sababu ya kuuliza, si ya kufurahia.

Au anaweza kuomba kitambulisho, kupiga picha pande zote mbili, kuandika daftarini na kukaa na sarafu siku kadhaa kabla ya kuiuza. Baadhi ya majimbo ya Marekani hulazimisha hatua za namna hii kisheria. Picha ndiyo yenye kazi kubwa, maana mikwaruzo hutofautisha sarafu moja na nyingine. Mjane anayeuza urithi wa marehemu mumewe atasumbuka. Aelezwe kwa heshima, asihojiwe kama mtuhumiwa. Wengine watahamia duka la jirani.

Hasara hiyo naikubali. Dhahabu ikishayeyushwa, ushahidi umekwisha. Sarafu ya Kanada ya kilo 100, iliyoibwa makumbusho ya Bode mjini Berlin mwaka 2017, haijapatikana hadi leo, na inadhaniwa iliyeyushwa.