Seti ya soketi ya vipande 94: inatosha kutengenezea gari nyumbani?

Seti ya vipande 94, yenye racheti (mpini wenye meno ndani, unaozungusha soketi) ya robo inchi na ya nusu inchi, yaani upana wa mraba unaochomekwa kwenye soketi, ndani ya kasha gumu la plastiki, huuzwa kwa majina ya kampuni nyingi, na mpangilio wake haupishani sana. Kwa mtu anayetaka kubadilisha oili, plagi na pedi za breki za gari lake mwenyewe, hii ndiyo tunayopendekeza aanze nayo. Tunaweka masharti mawili: racheti zake zipimwe kabla ya kulipa, na mnunuzi abakize fedha za vifaa vichache ambavyo havimo.

Uzuri wake uko kwenye vipimo. Midomo ya soketi zote ni ya milimita: zile za mraba wa robo inchi kwa kawaida huanzia 4 hadi 14, na za nusu inchi huanzia 10 hadi 32. Zipo seti za vipande 150 na zaidi ambazo sehemu kubwa ya soketi zake ni za inchi, na hizo kwa gari la Kijapani au la Ulaya ni mzigo tu. Tena ni mzigo wenye madhara. Soketi ya inchi 9/16 ni sawa na mm 14.29, hivyo inaingia kwenye bolti ya 14, inacheza kidogo, na ukiiwekea nguvu inakula kona za kichwa. Kwa hiyo usiende na idadi ya vipande iliyoandikwa kwenye kasha. Hata katika hivi 94, vingi ni biti ndogo za bisibisi. Hesabu soketi peke yake.

Kisha angalia kama kuna namba iliyorukwa. Bolti ya M6, yaani yenye unene wa mm 6, huwa na kichwa cha 10 karibu kila gari. Kuanzia hapo watengenezaji wanaachana njia: M8 ina kichwa cha 12 kwenye magari mengi ya Kijapani na 13 kwenye ya Ulaya, M10 ni 14 kwa Wajapani, lakini kwa Wazungu ni 16 au 17, M12 ni 17 huku, kule 18 au 19. Seti isiyo na 16 na 18 itamkwamisha mwenye Volkswagen siku ya kwanza. Mwenye Toyota hatazikosa sana, ila bila 10, 12, 14, 17 na 21 hawezi kufanya lolote. Soketi ndefu za 10, 12, 14 na 17 ziwemo pia, kwa sababu nati iliyokaa kwenye stadi (bolti isiyo na kichwa) ndefu haifikiwi na soketi fupi.

Chagua soketi zenye pembe sita ndani. Zenye pembe 12 zinaingia haraka, lakini zinashika karibu na kona, na bolti yenye kutu huliwa kichwa papo hapo. Soketi nzuri inabana ubavu wa bolti na kuacha kona zikiwa huru. Shika ya 10 au 12, uitazame mdomoni kwenye mwanga: unene wa ukuta uwe sawa pande zote, na ule mteremko wa mdomoni uwe mfupi. Mteremko ukiwa mrefu, milimita moja au mbili za kwanza hazishiki kitu, na bolti yenye kichwa chembamba itateleza. Maandishi ya Cr-V (chuma chenye kromu na vanadi) yanakwambia aina ya chuma tu, hayakwambii kama kimepikwa sawasawa. Chuma laini hupanuka mdomo, kilichofanywa kigumu kupita kiasi hupasuka. Kromu inayobanduka nayo ni hatari, maana magamba yake hukata vidole kama wembe.

Racheti ndiyo inayoamua kama seti ni nzuri, na hapa ndipo tofauti kati ya kampuni na kampuni inapoonekana. Yenye meno 24 inahitaji mpini usogee nyuzi 15 kabla ya kudaka jino linalofuata; yenye meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu. Nyuma ya injini, mahali ambapo mpini hauna pa kwenda, nyuzi hizo 10 ndizo zinazoamua kama kazi inafanyika. Lakini meno mengi peke yake hayatoshi. Funga nati kwenye bolti kwa vidole, usiikaze, kisha weka racheti na urudishe mpini nyuma. Nati ikirudi pamoja na racheti, mashine ya ndani ina msuguano mwingi, na itakuchosha kila utakapoanza kufunga kitu kwa mkono. Geuza swichi mara kadhaa uone kama inakaa upande uliochagua. Mwisho, bonyeza kitufe cha kuachia soketi: soketi isidondoke yenyewe, wala isihitaji kung'olewa kwa koleo.

Racheti ya robo inchi isidharauliwe kwa udogo wake. Bolti ya M6 hukazwa kwa takriban Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukitumia racheti ya nusu inchi yenye mpini wa mm 250, nguvu ya kilo 4 tu mkononi inatosha kufikia hapo, na mkono uliozoea nati za magurudumu hausikii kilo 4. Hivyo ndivyo bolti za kifuniko cha valvu zinavyokatika. Kazi zote za 10 zifanywe na racheti ndogo.

Kwenye magurudumu hesabu inageuka. Nati za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103. Kwa mpini uleule wa mm 250, hizo ni zaidi ya kilo 40 za mkono, na kutu bado hatujaihesabu. Watu huchomeka bomba kwenye mpini wa racheti, na meno yake husagika. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kisichokuwemo cha kununua ni mpini mrefu usio na meno, wa mraba wa nusu inchi, wenye urefu wa mm 600. Nati ileile itahitaji chini ya kilo 18. Soketi hizi za kromu usizitumie kabisa na mashine ya impakti, ile inayogonga huku ikizungusha, kwani zinaweza kupasuka na kurusha vipande. Mashine hiyo ina soketi zake nyeusi, zenye ukuta mnene.

Kifaa cha pili kisichokuwemo ni spana zenyewe, ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili, kuanzia 8 hadi 19. Cha tatu ni spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, ya nusu inchi, ya Nm 20 hadi 200 au karibu na hapo. Usifungulie nayo bolti, na ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini ili springi isichoke. Cha nne ni spana ya mabomba ya breki, ile ringi iliyokatwa upande mmoja. Nati za mabomba hayo ni laini, na spana ya mdomo wazi huziharibu kwa mzunguko mmoja. Kwenye magari mengi ya Kijapani ni 10, na kwa ya Ulaya mara nyingi ni 11.

Kuna upungufu mwingine mdogo. Racheti na soketi za mraba wa inchi 3/8 hazimo, na wanaofanya kazi nyingi za injini watazitamani. Biti ya aleni (ya pembe sita) ya 7 mara nyingi hukosekana, ilhali pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki, za Volkswagen nyingi zinafunguliwa kwa hiyo, inunuliwe kivyake. Soketi za plagi za 16 na 21 zimo, ila mpira wake ukiwa dhaifu, soketi inaachana na kirefusho na kubaki chini ya shimo juu ya plagi. Zungushia utepe wa umeme pale kirefusho kinapoungana na soketi kabla ya kuishusha.

Kuhusu dhamana, uliza kitu kimoja: je, racheti imo? Kampuni kadhaa hubadilisha soketi iliyopasuka bila maswali, lakini huchukulia racheti kama kifaa chenye sehemu zinazochakaa. Kama wanauza meno na springi za kubadilishia ndani ya racheti hiyo, nunua kwao, hata seti ikiwa ghali kidogo.