TAHADHARI: Jamaa anayeuza Peugeot "404 ya Shankland" Makambako na Mafinga ni TAPELI

Wakuu salaam. Naandika hii nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na najua nyumbani wataisoma na watasema yao, waseme tu. Jana nimesikia kuna mtu Njombe ameshapigiwa simu aende "kuliona gari la historia", yaani Peugeot 404 inayosemwa ilishinda mashindano ya Safari Rally zamani, na anatafuta hela. Usiende ndugu yangu, na kama umeshatoa kishika uchumba kidai leo leo kabla jamaa hajazima simu.

Mnaonifahamu mnajua mimi na Peugeot, sihitaji kueleza, na mnajua pia nilikuwa naweka hela ya karakana pale Ipogolo, Iringa. Huyu mtu alikuja kwangu kupitia mtu wangu wa karibu sana, simtaji maana naye anaumia roho kuliko mimi. Akasema kuna mzee mmoja alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai Mufindi, mzungu wake alipoondoka akamwachia gari la mashindano, limefichwa Makambako nyuma ya yadi ya mbao, halina namba, halina kibati cha kiwandani, halina maandishi yoyote, na wenyewe hawajui thamani yake.

Sasa sikilizeni alivyonifanyia. Hakunipeleka kwenye gari moja kwa moja. Tulikaa kwanza pale stendi, akaagiza chai na chapati, akaanza kunipa somo. Kwamba Safari, yale mashindano ya rali, ilianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth, inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, ikawa inakimbizwa Pasaka. Kwamba 1963 gari zilizofika mwisho ni 7 tu, na 1968 tena 7 tu, na miaka yote miwili aliyeshinda ni Nowicki na Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, akashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, 404 ya injekisheni (mafuta yanaingizwa kwa pampu badala ya kabureta), na huyo Shankland alikuwa mtu wa hapa hapa Tanzania, anaishi Dar. Wakuu, mimi nilikuwa nacheki kwenye simu chini ya meza wakati anaongea. Kila alichosema KWELI. Mwaka kweli, jina kweli, gari kweli. Mtu anayekutajia hata jina la msoma ramani wa 1966 bila kubabaika, wewe ungemwona tapeli? Mzee wangu ameendesha 404 pikapu maisha yake yote kule Tukuyu, jina la Shankland nimelijua kabla sijaanza darasa la kwanza, huyu mtu akaligusa palepale.

Ndiyo tukaenda. Kibanda cha mabati, giza, gari liko chini ya turubai limejaa vumbi la mbao, kuku ametaga kwenye siti ya nyuma. Rangi ya kijani imefubaa. Nikafungua mlango, nikashika gia ya pale kwenye usukani, ikaingia laini kabisa, moyo ukaruka. Ndani kuna mabomba yamechomelewa kuzunguka kichwa, kuna mabano ya taa mbele, kuna bati nene chini ya injini, vyote kama gari la rali. Yeye kimya. Akatoa kitambaa, akamwagia tina kidogo, akaanza kusugua mlango wa dereva taratibu kama anaogesha mtoto mchanga. Kijani kikaanza kuyeyuka, ikatokea nyeupe, akasugua tena, ukatokea ukingo wa duara, halafu mguu wa tarakimu nyeusi. Hapo akaacha. Akasema "kaka nisiharibu, hii ni historia ya nchi". Yule mzee wa gari, au yule aliyejiita mzee wa gari, akafuta machozi. Naapa alifuta machozi.

Kisha ikatoka picha nyeusi na nyeupe, imepigwa lamineshini, 404 imezama kwenye tope watu wanaisukuma. Nikauliza mbona namba ya chesisi imesagwa na kibati hakipo. Akanijibu bila kupepesa macho kwamba gari za mashindano walikuwa wanang'oa kila kitu kupunguza uzito, na hazikuwa na kadi kwa sababu zilikuwa mali ya timu. Wakati huo huo simu yake ikaita, mzungu kwenye video, anauliza kwa Kiingereza kama gari lipo bado, anakuja kesho kutoka Dar na keshi. Watu wanaopeleka magari ya zamani kwenye ile Safari Classic, rali ya magari ya zamani iliyoanza 2003, wanatafuta kweli magari kama haya, hilo nalo najua, kwa hiyo lilikaa sawa kabisa. Nikatuma milioni 4 palepale, na milioni 5 nikamalizia gari lilipopandishwa kwenye fuso kuja Iringa. Hela ya karakana yote ile.

Lilipofika nikamwita fundi mmoja mzee wa Peugeot pale Mlandege, amezishika hizi gari tangu kijana. Hakukaa hata muda wa kumaliza soda. Akafungua boneti, akaniuliza "pampu ya injekisheni iko wapi?" Iko kabureta moja, ya kawaida kabisa. 404 ya injekisheni ina pampu ya Kugelfischer ya Kijerumani, inazungushwa na injini yenyewe, huwezi kuikosa kwa macho. Nikamwambia labda waliibadilisha baadaye, miaka ni mingi. Akasema sawa, toa gurudumu la mbele. Breki za diski. Gari linalosemwa la 1966, na 404 za miaka ile zilikuwa zinatoka kiwandani na breki za dramu miguu yote minne, diski za mbele zimekuja baada ya hapo. Nikasema labda na hizo walibadilisha. Mzee akaniangalia kwa huruma, akachukua wembe akaingiza chini ya ile duara nyeupe mlangoni, akavuta, ikatoka nzima kama ngozi ya soseji. STIKA. Stika ya plastiki ile ile inayobandikwa kwenye bajaji, imepakwa rangi ya kijani juu yake, rangi yenyewe ya maji maji haijakaa hata mwaka. Yale mabomba ya ndani ni mabomba ya maji, mwisho wa bomba moja nyuzi za kufungia koki bado zipo. Na pale chesisi iliposagwa alama za grainda zinang'aa, chuma hakijashika hata kutu, kwa hiyo wamesaga juzi, si hao wazungu wa timu.

Na lile la kadi ndilo linaloniuma kuliko yote. Gari la rali si gari la kwenye uwanja. Linatembea barabara ya umma, linapishana na mabasi, linapita vijijini, kwa hiyo LAZIMA lisajiliwe na liwe na namba. Gari la Safari likishinda lina picha zenye namba inaonekana, lina usajili, lina watu walioliandikisha. Mtu akikwambia gari la rali halikuwa na kadi anakudanganya, basi. Gari halisi unalianza kwenye namba ya chesisi na karatasi, halafu unalinganisha na picha za siku ile, taa zilikaa wapi, matundu yako wapi, bodi imeongezwa chuma wapi. Hadithi inakuja mwisho. Huyu anaanza na hadithi, na hadithi yenyewe ni ya kweli, ndiyo maana inanasa hata watu wanaojua.

Watu kama hawa wafungwe jamani. Si kurudisha hela tu, WAFUNGWE. Anachukua jina la watu waliotutoa kimasomaso Afrika Mashariki nzima anabandika kwenye chuma chakavu, na zaidi ya hapo ameharibu 404 nzima iliyokuwa inatengenezeka, amesaga namba yake, sasa hata kuisajili siwezi maana itaonekana ya wizi, na labda ni ya wizi kweli. Hiyo ni kesi mbili, ashitakiwe zote. Na yule mzee wa machozi naye akamatwe, na huyo mzungu wa video kama yupo kweli atafutwe. RB ya polisi ninayo, na sitaacha.

Mengine nayakumbuka sasa hivi naandika: namba aliyonipa kutuma hela ya kwanza ilikuja jina la mwanamke, ya pili jina jingine kabisa, alisema ni mke na shemeji. Alikataa tusiandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa siku ile, "tutafanya kesho kaka, mwenyekiti kasafiri". Hataki uje na fundi, anasema mafundi wa huku watatoa siri kwa wafanyabiashara. Picha anayo moja tu na haionyeshi namba ya gari. Anakazania uje jioni, na kibanda hakina taa.

Huyo wa Njombe nimeambiwa gari analoonyeshwa ni jeupe na kijani kimewekwa chini ya rangi hiyo, na safari hii wanasema ni la Nowicki 1968. Kama ni wewe, au unamjua, nitafute kwenye meseji za faragha. Nina sauti zake, nina miamala yote, na hiyo stika nimeihifadhi kwenye bahasha. Tukiwa wawili kesi inakaa vizuri zaidi.