Uzamili wa ushauri wa shule Marekani: uzito wake uko kwenye saa za vitendo

Majimbo mengi ya Marekani hayampi mtu leseni ya kuwa mshauri wa shule bila shahada ya uzamili. Programu ni nyingi, za darasani na za mtandaoni, na ukisoma vipeperushi vyake utadhani zimeandikwa na mkono mmoja. Tofauti huonekana kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo huko ndiko tathmini hii inakokaa zaidi.

Kwanza yale ya msingi. Programu zenye ithibati ya CACREP, chombo cha Marekani kinachokagua ubora wa programu za ushauri, sasa zinadai krediti 60, yaani kozi 20 hivi za krediti 3 kila moja. Zamani 48 zilitosha. Anayesoma muda wote na kujaza mihula ya majira ya joto humaliza kwa miaka miwili, na mwenye kazi hufika mitatu au zaidi. Masomo ni ukuaji wa binadamu, maadili ya taaluma, tofauti za kitamaduni, mwongozo wa ajira, upimaji, utafiti na ushauri wa vikundi. Hilo la vikundi limepangwa vizuri: kila mwanafunzi hukaa angalau saa 10 kama mwanakikundi wa kawaida, akijua mwenyewe ugumu wa kufunguka mbele ya watu, kabla hajawaomba watoto wafanye hivyo.

Vitendo huanza na awamu ya saa 100, ambazo 40 kati yake ni za kukaa na wanafunzi wenyewe. Vikao hurekodiwa kwa ridhaa ya mzazi, kisha msimamizi na mwanagenzi husikiliza pamoja. Hapa ndipo thamani ya ada inapoonekana. Mfano: mtoto anasema, "Nikifika getini tumbo linaanza kuuma." Mwanagenzi anajibu upesi, "Usijali, utazoea." Msimamizi anasimamisha sauti papo hapo, kwa sababu faraja ile imefunga mazungumzo, na majibu yanayofuata yote ni "ndiyo" na "hapana". Ingetosha kumrudishia maneno yake, "Linaanza ukifika getini, siyo nyumbani," kisha kukaa kimya sekunde chache. Kimya hicho hakifundishwi na kitabu. Programu ambayo haisikilizi rekodi, inapokea ripoti za maandishi tu, haifai hata ikiwa nafuu, maana mwanagenzi huandika alichokusudia kusema, wala si alichosema.

Awamu ya pili ni saa 600, na 240 kati yake ni za kuhudumia wanafunzi moja kwa moja. Piga hesabu kabla ya kujiandikisha: kwa saa 20 kwa wiki ni wiki 30, yaani mihula miwili, na kila wiki lazima upate saa 8 za ana kwa ana. Wengi hukwama hapa. Shule huwapa wanagenzi kusimamia mitihani, kupanga ratiba na kulinda ukumbi wa chakula, na kazi hizo haziingii kwenye 240. Anayejumlisha saa zake mwisho wa muhula hushtuka akiwa amechelewa. Jumlisha kila Ijumaa, safu mbili, moja ya saa zote na moja ya saa za ana kwa ana, na msimamizi atie saini siku hiyo hiyo.

Wanaosoma mtandaoni wajue jambo moja ambalo matangazo hulipitia haraka: mihadhara ni ya jioni, lakini watoto wako shuleni mchana. Mwenye ajira ya saa za kawaida atahitaji likizo au mwajiri mwelewa. Tena shule ikifungwa saa husimama, kwa hiyo kuanza awamu ya kwanza katika majira ya joto ni kujitafutia ucheleweshaji.

Ulizeni pia nani anatafuta shule ya mazoezi. Programu nyingine humwachia mwanafunzi kazi yote, na msimamizi wa shuleni lazima awe na uzoefu wa angalau miaka miwili baada ya uzamili. Nzuri zina mikataba na shule tayari, na zinatoa wastani wa saa moja ya usimamizi wa karibu kwa wiki, pamoja na saa moja na nusu ya kikundi. Bima ya dhima na ukaguzi wa alama za vidole vishughulikiwe mapema. Bila hivyo hakuna kukutana na mtoto.

Udhaifu mkubwa wa programu hizi ni maandalizi ya kufundisha darasani. Mafunzo humwandaa mtu kwa kikao cha watu wawili, ilhali chama cha washauri wa shule, ASCA, hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na wastani wa nchi uko juu ya hapo. Kwa idadi hiyo mshauri huingia madarasani, na asiyewahi kufundisha hupoteza robo ya kipindi akituliza watoto. Programu nyingi huligusa hili kwa kozi moja tu. Asiye mwalimu aombe kufundisha vipindi kadhaa vya ushauri tangu awamu ya kwanza, msimamizi akiwa nyuma ya darasa.

Mwisho ni leseni, ambayo hutolewa na jimbo. Ithibati husaidia, ila haitoshi: majimbo mengine yanadai mtihani wa Praxis, mengine yana mitihani yao. Fungua masharti ya jimbo utakalofanyia kazi, uyalinganishe na orodha ya kozi mstari kwa mstari, na upate jibu la chuo kwa maandishi kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza.