WordPress kwa mwenye nyumba ya wageni Lamu: yafaa, au ni mzigo?

Assalaam alaykum, hamjambo nyote. Leo sina simu mpya wala spika ya kuwaonyesha. Nachambua kitu ambacho wenye nyumba za wageni hapa Lamu hawachoki kuniuliza, na manahodha wa mashua za watalii pia: "Nataka websaiti yangu, nitumie nini?" Na wengi washaambiwa na mtu, "Tumia WordPress, ni bure." Haya, tuitazame hiyo bure yenyewe. Niko barazani Langoni, kwa hivyo mkisikia punda analia mwachieni, naye ana shughuli zake.

WordPress ni programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti. Ilitoka mwaka 2003, wakaianzisha Matt Mullenweg na Mike Little, na leo katika kila tovuti 10 duniani, zaidi ya 4 zinaiendesha. Programu yenyewe haiuzwi. Unaipakua, unaitumia, unaibadilisha upendavyo. Hapo ni bure kweli. Ila ziko mbili, na watu wengi wanachanganyikiwa hapa. Iko ya wordpress.org, ambayo ndiyo programu unayoiweka kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, uliyokodi wewe. Halafu iko wordpress.com, huduma ya kampuni: wao ndio wanaokuwekea tovuti, na ukichukua ile ya bure, anwani yako inabeba jina lao na matangazo yao. Mimi leo nazungumzia ya org.

Ya org yataka ulipie vitu viwili kila mwaka: domeini, yaani jina la tovuti, na hostingi, yaani nafasi kwenye seva.

Tuanze na domeini, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mambo mengine yote katika video hii ukikosea yanarekebishika. Hili likienda mrama, linaumiza. Majina yote yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC, lakini ya co.ke hununui kwao, unanunua kwa wakala aliyesajiliwa nao. Siku hizi waweza hata kuchukua .ke tupu bila "co". Mie ushauri wangu kwa mwenye wageni wa nje ni huu: kama .com ya jina lako haijachukuliwa na mtu, chukua zote mbili, kisha moja uielekeze kwa nyingine. Mjerumani aliyesikia jina la nyumba yako kutoka kwa rafiki yake ataandika .com bila kufikiri. Mgeni wa Nairobi naye akiona co.ke anatulia moyo, anajua ni watu wa hapa.

Jina lenyewe liwe fupi na liandikike kwa kusikia tu. Domeini za kawaida zinakubali herufi, tarakimu na kistari, basi. Kwa hivyo jina lenye ng' halipiti na ile alama yake, itabidi uiondoe, na msomaji wa Kiswahili ataanza kujiuliza ni jina gani hilo. Kistari nacho kinakubalika, lakini jaribu kumtajia mtu kwa simu, upepo wa kusi unavuma, "kistari, si nukta, kistari", uone utafika wapi.

Sasa swali la maana: jina limesajiliwa kwa nani? Kuna mama mmoja wa Shela, tovuti yake nzuri kabisa, picha safi. Kijana aliyemtengenezea alisajili domeini kwa barua pepe yake mwenyewe. Sidhani alikuwa na nia mbaya, alifanya hivyo kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Kisha akahama, namba akabadilisha, na zile barua za "domeini yako inakaribia kuisha" zikawa zinakwenda kwenye anwani ambayo hakuna aisomaye. Jina likaisha muda, tovuti ikazima, na barua pepe zote zilizokuwa kwenye jina lile zikazima nayo, kwa sababu barua pepe za domeini zinategemea domeini. Mwenye nyumba ndiye mwenye jina. Fungua akaunti kwa wakala wewe mwenyewe, kwa barua pepe unayoisoma kila siku, lipa wewe, kisha fundi mpe ruhusa ya kufanya kazi. Ya .com waweza kuilipia hata miaka 10 kwa mpigo, ukapumzika.

Hostingi. Hii ni seva iliyo mbali, inawaka mchana na usiku. Nataja hili kwa sababu kuna mzee aliniuliza kama stima ikikatika Lamu tovuti yake nayo inazima. Haizimi, ami. Tovuti haikai kwenye kompyuta yako. Stima itakatika Langoni, na mtu wa Ufaransa ataendelea kutazama vyumba vyako. Na kama wageni wako wengi ni wa Ulaya, seva ikikaa Ulaya si kasoro, ndiyo iko karibu nao. Usilazimishwe kulipa zaidi kwa ajili ya seva ya Nairobi ilhali wateja wako hawako Nairobi.

Ukienda kununua hostingi uliza bei ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa kwanza ni chambo, na yaandikwa kwa herufi kubwa. Ya pili iko chini, herufi ndogo, na mara nyingi imeruka sana. Ukishaijua, ndiyo ulinganishe nayo. Uliza pia kama cheti cha SSL kimo, maana shirika la Let's Encrypt linavitoa bure na hakuna sababu ya tovuti ndogo kuuziwa cheti kando. Hicho ndicho kinachofanya anwani ianze na https. Tangu Julai 2018 brauza ya Chrome inaiandikia tovuti isiyo na cheti kwamba si salama, na mgeni anayetaka kutuma pesa za amana akisoma hivyo anaondoka. Muda wa vyeti hivyo ni mfupi, vilianza kwa siku 90, kwa hivyo hakikisha hostingi yako inavihuisha yenyewe.

Kuiweka WordPress kwenye seva? Hapo sina mengi. Hostingi nyingi zina kitufe, unabonyeza, unajaza jina na paswodi, baada ya dakika chache iko hewani. Wale wanaowatoza pesa nyingi kwa "kuinstoli" tu, jamani. Jambo moja: jina la kuingilia lisiwe "admin", maana hilo ndilo la kwanza kujaribiwa na programu za wezi zinazozunguka mtandaoni usiku kucha. Paswodi iwe ndefu, isirudiwe kwingine.

Halafu nendeni kwenye mipangilio ya kusoma. Tazameni hapa kwenye skrini. Mnaona kisanduku hiki cha chini? Kikitiwa alama, kinaziambia Google na wenziwe wasiorodheshe tovuti hii. Mafundi wengi hukitia alama wakati wa ujenzi, ili tovuti isionekane kabla haijakamilika, na ni jambo la busara. Shida ni kwamba kazi ikiisha hakuna anayekumbuka kukitoa. Ukisikia mtu analalamika tovuti yake ina mwaka na haionekani Google, anzia hapa kabla hujamlipa mtu wa matangazo.

Themu, yaani sura ya tovuti, chukueni ya bure kutoka kwenye ghala la WordPress lenyewe. Ziko nyingi, nyingine nzuri kuliko za kulipia. Hizi za "premiamu" zinazogawanywa bure kwenye makundi ya WhatsApp ni za wizi, na mara nyingi mna mlango wa nyuma wa wezi kuingilia ndani yake. Siku moja tovuti ya nyumba ya wageni inaanza kuuza vidonge.

Sasa picha, maana hapa ndipo tovuti nyingi za Lamu zinapofia. Nyumba zetu zinapigika picha, maashallah. Mtu ana zidaka ukutani, ana daka mbele, ana paa la makuti linalotazama bahari. Anapiga kwa simu, anapandisha vilevile. Hii hapa ni picha ya zidaka: upana pikseli 4000, uzito karibu MB 5. Ukiweka picha 20 za namna hii ukurasa mmoja, mgeni anapakua MB 100 kutazama chumba kimoja. Kwa bando la nani? Sasa naishusha upana hadi pikseli 1600, naihifadhi kwa muundo wa WebP. Imefika KB 200 na kidogo. Naziweka mbili kando kwa kando. Hebu niambieni ipi ni ipi. Hata mie kwenye skrini hii sioni tofauti, na zile 20 sasa zote pamoja hazifiki hata uzito wa hii moja ya mwanzo. WordPress inatengeneza nakala ndogondogo za kila picha, ni kweli, lakini ile kubwa inabaki inakula nafasi uliyoilipia. Ipunguzeni kabla ya kupandisha.

Kurasa zisiwe nyingi. Vyumba na bei, picha, mawasiliano, na ukurasa mmoja ambao wengi hawauandiki: jinsi ya kufika. Mgeni hajui kwamba ndege inatua Manda na kwamba kutoka huko anavuka kwa mashua. Hajui kwamba akija kwa basi anashukia Mokowe, naye anavuka vilevile. Hajui kwamba mtaani hakuna teksi, kuna punda na mkokoteni. Mwandikieni: ukifika jeti, pale gatini, nani atakupokea, mzigo wako nani ataubeba, nauli ya mashua kiasi gani. Ukurasa huo ukiwa wazi, maswali ya usiku yanapungua nusu. Na kitufe cha WhatsApp ni kiungo tu, hakitaki plagini, yaani programu ndogo ya kuiongezea WordPress kazi: andika wa.me, mkwaju, kisha 254 na namba yako bila sufuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Kuna watu wanaibakiza ile sufuri, kiungo hakifunguki, wanadhani hawana wateja.

Nije kwenye matunzo, ambayo ndiyo bei halisi ya WordPress. Mashua isipotiwa kalafati inaingiza maji hata kama seremala wake alikuwa bingwa, na hii ni hivyo hivyo. Programu inapata marekebisho, themu inapata, kila plagini inapata, na marekebisho mengi ni ya kuziba matundu ambayo wezi washayajua. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 waweza kuruhusu plagini zijiapdeti zenyewe. Ruhusu. Watakaokuambia kwamba apdeti inaweza kuvunja tovuti wasema kweli, lakini tovuti ndogo yenye plagini chache haivunjiki kirahisi, na tovuti iliyovamiwa ina kazi kubwa zaidi. Plagini usiyoitumia usiizime tu, ifute.

Na bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti. Bakapu iliyo kwenye seva ileile ni nusu ya bakapu, seva ikiondoka imeondoka nayo. Plagini kama UpdraftPlus inatuma nakala kwenye Google Drive yako yenyewe, hata toleo lake la bure. Kisha jaribu kuirudisha siku ambayo huna shida, usisubiri siku ya shida. Masika, mwezi wa tano, wageni wamepungua na nyumba nyingi Shela zimefungwa, ndio wakati mzuri: rudisha bakapu, jitumie ujumbe kupitia fomu yako uone kama unafika, badilisha bei. Bei za mwaka juzi kwenye tovuti ni ugomvi unaokungoja mlangoni. Na kama fomu inakusanya majina na namba za simu za watu, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, basi usikusanye usichokihitaji. Pasipoti ya mgeni haina haja kukaa kwenye tovuti.

Hukumu yangu. Kama una nyumba yenye vyumba kadhaa, una mtu wa kukaa na kompyuta angalau mara moja kwa wiki, na unataka baadaye kuongeza kuagiza chumba au malipo ya M-Pesa, WordPress chukua. Ukichoka na hostingi moja unabeba kila kitu unahamia nyingine, na uhuru huo una thamani. Wix, huduma ya kujengea tovuti hukohuko kwao, ni rahisi zaidi, matunzo wanafanya wao, na kwa mtu asiye na subira ni nzuri, ila tovuti uliyoijenga kule huwezi kuibeba ukaenda nayo kwingine. Ukitoka, unaanza upya.

Nahodha mwenye mashua moja, anayepeleka watu Manda Toto na Takwa, simpi WordPress. Hana wakati wa apdeti, yuko baharini. Ukurasa wa Google Sites, chombo cha Google cha kutengenezea tovuti nyepesi, wenye domeini yake mwenyewe, picha nne na kitufe cha WhatsApp unamtosha. Ajiandikishe pia kwenye ramani za Google, lakini asitegemee hapo peke yake: zile tovuti za bure zilizokuwa zikitengenezwa kupitia wasifu wa biashara wa Google zilizimwa Machi 2024. Waliokuwa na domeini yao waliielekeza kwingine wakaendelea. Waliotumia anwani ya bure waliyopewa iliwabidi wachapishe kadi mpya.

Mkitaka niwaonyeshe kuhamisha tovuti kutoka hostingi moja kwenda nyingine, semeni, nitairekodi kaskazi ikianza. Wasalaam.